Nyota ya Makonyo

Mjini, Unguja
30 Septemba 2024

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Rajab kanifikishia muhogo mkavu na barua yako, na nimecheka peke yangu pale ulipouliza kama bado navaa fulana wakati wa upepo. Navaa.

Sasa sikiliza habari. Maonyesho yangu yamefunguliwa Jumamosi, kwenye ghala la zamani karibu na gati. Watu mwanzo hawakuelewa. Wanaingia, wanaona ukutani majalada ishirini ya santuri za bendi za zamani, wanauliza, "Hawa walikuwa wakipiga wapi?" Nawaambia hawakupiga popote, nimewabuni mimi. Suruali Pana Jazz ya mwaka sabini na tatu haikuwepo. Waungwana wa Gati hawakuwepo. Nimewachora, nimewapa majina, nimeandika nani aligombana na nani kwa ajili ya gita, halafu nikawatungia nyimbo na kuzipiga na rafiki zangu. Mgeni anashusha jalada, anakaa kitini, anavaa hedifoni, anasikiliza bendi ambayo dunia haikupata kuwa nayo. Mzee mmoja kaniapia kwamba alicheza dansi ya Suruali Pana Mkoani. Sikumkatalia.

Na wewe umo. Unakumbuka mavuno ya miaka mitatu nyuma, nilipokurekodi kwa simu unachambua karafuu? Ule wimbo wa "fagia". Nimeutilia fidla na dumbaki, nikabuni kikundi cha wanawake wa kwetu Vitongoji, Nyota ya Makonyo, nikawachora wamekaa jamvini na makonyo ya karafuu yamewajaa mapajani. Ndilo jalada watu wanalogombania.

Mama Mkubwa kaniambia analetwa spitali tarehe kumi na sita kuangaliwa macho. Nitamchukua nimkalishe kiti cha mbele asikie sauti yako. Wake wenza wangapi, kama nyinyi wawili, wanabaki nyumba moja mume akishafariki? Mimi huwasimulia watu habari zenu kwa fahari. Usimwambie, nataka ashtukie.

Mwanao,
Abdulnasir


Vitongoji
4 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Abdulnasir,

Wa alaykum salaam, na salamu nyingine za binamu yako Shamima, na za Bi Mkubwa ambaye hajui ninaandika nini. Kanikuta na karatasi kaniuliza, "Mwatima, barua gani hiyo isiyokwisha, unamposea mke?" Nikacheka, nikageuza maneno.

Mwanangu nimesoma barua yako mara tatu, maana mie kisomo changu ni cha ngumbaru, herufi zako zinakimbia. Nimefurahi na nimeingia hofu. Nimefurahi watu wanakuja. Hofu ni ya wimbo. Mie mtu mzima, mjane, nakaa safu ya mbele katika darsa za kina mama, leo sauti yangu inaingia masikioni mwa wanaume nisiowajua huko mjini? Shehe akisikia atasema nini? Utoe, baba. Nakuomba kwa maziwa uliyonyonya. Weka nyimbo zako wewe, zako nzuri, za mie mwanamke wa shamba za nini.

Utoe kabla ya tarehe kumi na sita.

Na usilale bila ya chandarua. Shamima anasema mjini kuna mbu wa mchana.

Mama yako,
Mwatima


Mjini, Unguja
7 Oktoba 2024

Mama,

Tulia. Hakuna anayejua ni wewe. Jina lako sikuliandika, sura nimechora za kubuni, na sauti yako nimeichanganya na kiitikio cha wanawake wengine. Kuna bibi kutoka Mwera kaja siku mbili mfululizo, anakaa na Nyota ya Makonyo mpaka tunafunga mlango. Alilia, mama. Sijui alikuwa na lake gani.

Ukinambia niushushe, unanambia nishushe kitu kilicho bora kuliko nilivyotunga vyote mwenyewe. Hilo nakwambia weye tu.

Na kwa nini tarehe kumi na sita? Mama Mkubwa si mwanamme wala si shehe.

Abdulnasir


Vitongoji
10 Oktoba 2024

Mwanangu,

Basi nikwambie kweli. Wimbo ule si wangu. Ni wa Bi Asya, jirani. Aliutunga yeye zamani, mie niliuiga tu, na sasa kasikia kwamba unapigwa mjini na kakasirika sana, anasema kaibiwa. Mambo ya ujirani unayajua, tunachota maji bomba moja. Utoe upesi kabla hajaenda kutushtaki kwa sheha.

Ungenipigia simu ningekueleza, lakini simu ni ya Shamima na mtandao wetu unashika pale pale kizingitini pa jiko, na pale ndipo anapokaa Bi Mkubwa tangu asubuhi. Nikiazima ya jirani, mwenyewe atasimama asikilize.

Karafuu mwaka huu njema, Mungu atupe jua tu. Kula vizuri.

Mama yako


Mjini, Unguja
12 Oktoba 2024

Mama,

Nilimpigia Bi Asya kumuomba radhi. Kasema, "Radhi ya nini, mwanangu? Wimbo ule wa mama yako mwenyewe, mie nilikuwa muitikiaji tu." Kacheka. Halafu kaniuliza, "Mwanakhamis keshausikia?" Nikamwambia Mama Mkubwa bado, atausikia Jumatano. Simu ikakatwa.

Mama, hujapata kunidanganya maishani mwangu. Ulinidanganya kwa ajili ya nini?

Mama Mkubwa nitampokea bandarini. Kama kuna neno, niandikie kabla.

Abdulnasir


Vitongoji
14 Oktoba 2024, baada ya adhuhuri

Mwanangu Abdulnasir,

Rajab hasafiri wiki hii, mkewe kajifungua. Nimezunguka kijiji kizima kutafuta mtu wa kukuletea barua hii, sikumpata. Kwa hivyo nampa Bi Mkubwa mwenyewe aichukue. Hajui kusoma, na hata angejua macho yake hayaoni. Nimemwambia, "Mpe mara tu ukimwona, usingoje." Ukiipata isome kabla hujampeleka kokote. Mwanangu nataka ardhi ipasuke niingie, lakini haipasuki, na kesho anapanda meli.

Wimbo ni wangu. Nilimtungia yeye.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa mke wa pili na marehemu baba yako, nina mimba yako ya miezi sita. Yeye alikuwa kakaa na baba yako miaka tisa, hajapata hata mimba ya kuharibika. Kila mtu akinitazama tumbo. Mavuno yale tulikaa jamvini kuchambua, wanawake kumi na tatu, na unajua pale jamvini mwenye maneno huyatia wimboni, mwenye kupigwa kijembe akalazimika kuchambua kimya, ndiyo desturi. Yeye siku ile alikuwa kaenda mjini Chake. Mie nikaanza. Haukuwa na mafumbo hata kidogo:

Miaka tisa nyumbani, kitanda cha samadari,
Kitoto hakijalia, kimya kama cha kaburi;
Mie mgeni wa jana, mwangu mna msafiri,
Bibiye shika fagio, mwenye nyumba yu safari.

Na wenzangu wakaitikia, "Fagia, Bi Mkubwa, fagia." Wakacheka mpaka karafuu zikamwagika.

Wewe ndiye mwenye nyumba uliyekuwa safarini. Ukazaliwa, na mie homa ya uzazi ikanilaza siku arubaini, sijijui. Aliyekukosha ni yeye. Aliyekulaza ni yeye, juu ya kitanda chake kile kile. Nilipopata nafuu nikakukuta mnono, umevalishwa kofia ya kufuma, unamtazama yeye, mie hunijui. Sikumwambia kitu. Nilisema ngoja nipate nguvu, kisha ngoja mtoto atembee, kisha baba yako akafariki tukakaa eda pamoja chumba kimoja miezi minne na siku kumi, bega kwa bega, na bado sikusema. Wale wanawake walinisitiri, hawakumwambia. Mpaka leo hajui.

Utaniuliza, basi kwa nini niliuimba tena mbele yako? Yeye alikuwa kaenda Msuka kwenye matanga. Ukasema, "Mama, niimbie ule wa zamani ulio mzuri kuliko zote." Nikatafuta kichwani. Mwanangu, ule ndio mzuri kuliko zote. Nimetunga nyingi za harusi, za kubembelezea watoto, za kumsifu Mtume, hakuna uliokaa kama ule. Nikakuona umefumba macho unasikiliza, nikafurahi, nikasahau ni nani niliyekuwa nikimuimba. Hiyo ndiyo aibu yangu. Ya ujana naweza kumsingizia shetani. Hii ya juzi sina wa kumsingizia.

Utoe. Mwambie mashine imeharibika. Mpe chai, mtembeze Forodhani, mrudishe salama. Nami akirudi nitamwambia kwa mdomo wangu, naapa.

Usinichukie. Ukinichukia, kula lakini.

Mama yako,
Mwatima


Mjini, Unguja
17 Oktoba 2024

Mwatima,

Anayeandika ni mwanetu. Nimemwambia aandike kila ninalosema hata likimuuma. Kaandika "mwanetu" bila ya kuambiwa mara mbili.

Kwanza habari ya macho. Daktari kasema nina mtoto wa jicho. Nikamwambia, "Alhamdulillahi, nimepata na mimi." Kijana wa watu hakujua acheke au asicheke. Watanipasua mwezi ujao.

Sasa lako. Ulinipa bahasha, ukaniambia nisingoje. Mimi sijui kusoma, Mwatima, lakini nimekaa nawe miaka ishirini na saba. Niliitia chini kabisa ya mkoba, chini ya mikate ya mtoto, nikasema nitaitoa nikiona wakati wake.

Tukaenda kwenye ghala lake. Pazuri. Kanishika mkono kanionyesha picha moja moja, mimi naona rangi tu, yeye ananieleza, huyu mpiga tarumbeta alikimbia na mke wa mpiga ngoma, huyu alikufa kwa ugonjwa wa bahari. Nikamwambia, "Uongo mtupu!" Akasema, "Ndiyo, Mama Mkubwa." Nimecheka sana. Kisha kanikalisha, kanivalisha vile vidude, na hapo ndipo nikampa barua. Nikamwambia soma, mimi nasikiliza wimbo. Akapasua huku wimbo umeshaanza.

Nilisikia kiti chake kinaanguka. Akaja kunivua. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mwache mama yako aimbe."

Nimesikiliza mpaka mwisho.

Mwatima, siku ile sikwenda Chake. Nilifika njia panda, gari ikanipita, nikarudi. Niliingia mlango wa nyuma nikawa jikoni nawapikieni uji. Nilisikia yote, na waliokuwa wakiitikia nawajua kwa sauti mmoja mmoja. Nilingoja wimbo umalizike, maana ningetokea katikati mngefadhaika na chungu kilikuwa cha moto mkononi mwangu. Kisha nikaja nikawagawia. Wewe nilikutilia mara mbili kwa sababu ya tumbo. Ulisema, "Ahsante, dada."

Ile nimekaa nayo. Sijui kama niliisamehe au niliizoea, umri huu sioni tofauti. Ulikuwa mtoto. Iliyoniuma jana ni nyengine. Mtoto kaniambia aliirekodi miaka mitatu nyuma tu. Sauti ni ya mtu mzima, ya mjane, niliyekaa naye eda. Na ina furaha. Hilo ndilo lililonitoa machozi mbele ya watu wa mjini.

Na wimbo, tusidanganyane, ni mzuri.

Nikamuuliza mtoto hapo juu ya jalada pameandikwa katunga nani. Akasema, "Mtunzi hajulikani." Nikamwambia anajulikana, andika jina lake. Akataka kuushusha kabisa, analia kama aliyefiwa. Nikamkatalia. Bendi nyengine zote hazikuwepo, hii ilikuwepo. Nilikuwepo.

Jumamosi nitateremka meli Mkoani. Siji Vitongoji. Nakwenda kwa kaka yangu Kengeja, nitakaa huko, sijui siku ngapi. Kuku wangu yule mweupe anaatamia nyuma ya kinu, usimwache.

Mwanakhamis

Mama, haya yafuatayo ni yangu. Kitanda cha samadari nakijua mbao kwa mbao, nimekua juu yake. Nilikaa miezi nikiuchanganya wimbo huu, nausikia kila siku, "miaka tisa", "kitanda cha samadari", na haikunijia hata siku moja kuuliza ni kitanda cha nani. Nilikuwa nasikiliza uzuri tu. Kwa hivyo sina la kukuhukumu. Lakini sijaweza kukuandikia zaidi ya haya. Nipe muda.
A.


Vitongoji
21 Oktoba 2024

Kwa dada yangu Bi Mwanakhamis, Kengeja,

Najua atakayekusomea ni Haroub, mtoto wa kaka yako. Haroub mwanangu, soma polepole, usiruke neno hata ukiona haya kwa niaba yangu. Na kama pana watu ukumbini usiwatoe. Mie niliyasema mbele ya watu.

Dada, nimejifunza juzi kwamba ulikuwa jikoni. Nimekikumbuka kile chungu, kilikuwa na mpasuko mdomoni, na uji ulikuwa na pilipili manga. Niliula wote. Miaka yote nilikuwa nikijipa moyo kwamba hujui, kumbe mie ndiye nisiyejua. Kila uliponiita "Mwatima, njoo ule", ulikuwa unajua. Kila uliponisuka. Nimejaribu kuhesabu mara ulizonisuka, nikaacha.

Shamima kanionyesha jalada kwenye simu. Mwatima binti Ame, herufi kubwa. Sijapata kuliona jina langu limeandikwa vizuri hivyo ila kwenye kadi ya kura. Nikaona haya. Kisha nikaona haya zaidi kwa sababu nililitazama sana. Nakwambia hili ujue mie ni mtu wa namna gani.

Jana tulikuwa jamvini, wote wapo isipokuwa watatu walioondoka duniani. Wakaanza kuniuliza, "Mwatima, tumesikia umekuwa msanii wa mjini, tuimbie!" Nikasimama. Nikasema, "Wimbo ule niliutunga mie, nilimtungia Bi Mwanakhamis, na siku ile alikuwa jikoni anatupikia uji, kausikia wote na nyinyi kawasikia." Hakuna aliyecheka. Bi Asya akasema, "Ya zamani hayo, yafunike." Nikamwambia, "Nimeyafunika miaka ishirini na sita na ndani yamekaa kama yalivyo." Akainuka akaenda zake, hata karafuu zake hakuzikusanya. Moza, naye muitikiaji wa siku ile, alinitupia konzi ya makonyo, akasema, "Na sisi unatuvua nguo kwa nini?" Ana haki. Nikachambua mpaka magharibi na hakuna aliyesema nami.

Sikukwambia haya ili unisifu. Nakwambia kwa sababu ulishayasikia maneno mabaya yangu kwa masikio yako, na haya mengine hukuwepo.

Uliitaja ile furaha. Nilikuwa nikiimbia mwanangu na nikataka anione. Yeye kakua akikutazama weye. Mtoto akianguka, "Mama Mkubwa!" Akipata barua ya skuli, "Mama Mkubwa!" Mie nilishukuru, wallahi nilishukuru, na humo humo ndani ya shukurani nilikuwa na wivu, nilitaka siku moja afumbe macho kwa ajili yangu. Niliimba nikashinda. Niliyemshinda ni weye, uliyekuwa matangani Msuka unamlilia mtu, hujui kama kuna mashindano. Ndiyo furaha uliyoisikia. Haina jina zuri.

Abdulnasir hajaniandikia. Namngoja.

Kuku wako katotoa saba. Chumba chako nakifungua asubuhi kiingie hewa, nakifunga. Kitanda sikigusi.

Ijumaa nakuja Kengeja. Sikukuuliza kwa sababu ukiulizwa utasema ndiyo kwa adabu yako, nami nimekula adabu yako miaka yote hii kama ule uji. Nitafika baada ya sala ya Ijumaa, nitasimama nje, nitapiga hodi tatu. Zikipita tatu bila ya jibu nitarudi, mtu hasimami mlangoni kwa watu kwa nguvu. Haroub, usinifungulie kwa huruma.

Na Ijumaa ya pili nitakuja tena, hodi tatu, nirudi. Na ya tatu.

Ndimi,
Mwatima